Mfuniko wa Bluu

Jumatatu, 4 Machi

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki, naingia chumbani kwa Kaka na kumnusa mdomo.

Basi, nimeliandika.

Nasimama kando ya kitanda, nainama, nabana pumzi yangu. Yeye akitoa yake, naivuta. Nilianza siku ya pili baada ya yeye kurudi kutoka nyumba ya matibabu. Siku ya kwanza nililala kwa furaha. Siku ya pili nikakumbuka kwamba hata zamani aliwahi kuapa, tena kwa jina la marehemu Baba, na wiki haikuisha.

Sijakuta pombe hata mara moja. Nakuta mnanaa. Siku zote mnanaa — zile pipi nyeupe anazotafuna kutwa, mpaka usingizini zinamnukia. Mama anasema ni dalili njema, mdomo umepata shughuli nyingine. Mimi najiuliza: mtu asiye na cha kuficha, mnanaa wote huo wa nini?

Najua si adabu, mdogo kumnusa mkubwa wake kama mbwa wa polisi. Kesho nitamnusa tena.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya kazi leo. Nikisema kazi najiona mtu mzima, lakini ndivyo wanavyoiita.

Kamati ya Pamoja inakusanya zahanati, shule, polisi, wenye maduka na wazazi, ili kupunguza ulevi na dawa za kulevya hapa mtaani. Mwenyekiti ni Muuguzi wa zahanati. Mimi ni mnunuzi wa majaribio. Naingia dukani na sare yangu, naomba chupa ndogo ya pombe kali. Nikiulizwa umri nasema kweli: miaka kumi na tano. Nikikataliwa, duka linabandikwa stika ya kijani mlangoni. Nikiuziwa, sifungui, sibishani. Natoka nayo, namkabidhi Muuguzi garini, na duka linafungiwa kuuza vileo.

Muuguzi alinichagua mwenyewe. Alisema sura yangu haijui kudanganya. Mimi ambaye nikitaka kuomba chaki kwa mwalimu natoka jasho! Lakini hii naipenda. Maneno nimepewa tayari, sina haja ya kuyatafuta.

Leo maduka yote yamekataa, kama Alhamisi iliyopita, na ile ya kabla yake. Wote kwa maneno yale yale: "Binti, sheria hairuhusu, nenda salama." Mama mmoja alisema kabla sijamaliza. Nilikuwa nimefika kwenye "Naomba…" tu. Ningeweza kuwa naomba kiberiti.

Muuguzi alifurahi sana. Akasema mtaa unabadilika. Sajini mstaafu, ambaye ndiye dereva wetu, akasema "Naam, naam," na kuigeuza simu yake juu chini.

Kwa nini anaigeuza? Na kwa nini huishika kila tukikaribia kona? Kuna mtu anawaambia wenye maduka kwamba tunakuja. Nina hakika.

Jumamosi, 9 Machi

Mkutano wa Kamati, ukumbi wa shule. Nilikaa nyuma, karibu na Mjomba.

Mjomba ni kaka yake Mama, na ndiye mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote kwenye Kamati baada ya Muuguzi. Ana duka karibu na maktaba. Anatengeneza juisi ya nanasi, anaijaza kwenye chupa za kioo zenye mfuniko mweupe, na Kamati imeifanya kama silaha yake. Mpaka bango lipo: kijana ameshika chupa ya Mjomba, chini yake maneno SHIKA JUISI, ACHA KILEO. Ukimaliza unaosha chupa, unaipeleka kwenye kidirisha cha nyuma ya duka, unapewa nyingine. Shuleni mwalimu mkuu alitutangazia kabisa: rudisheni chupa, msitupe.

Kaka anafanya kazi hapo. Kamati ndiyo iliyomwombea, na Mjomba akakubali siku hiyo hiyo. Leo wakamsimamisha atoe ushuhuda. Ni mara ya nne sasa. Anasimama, anatazama viatu vyake, anasema alikotoka na alipofika, watu wanapiga makofi. Mama alijipangusa macho na ncha ya kitambaa. Njiani kurudi akaniambia, kama anavyoniambia kila siku, kwamba ile kazi ndiyo kamba inayomshikilia kaka yako. Kamba ikikatika, mtu anarudi shimoni.

Nilimwangalia Mjomba wakati wa makofi. Anapiga makofi huku akitazama wanaompigia Kaka makofi.

Jumanne, 12 Machi

Anayekaa nyuma yangu darasani tunamwita Domo. Hana neno analoliacha lipite. Leo wakati wa mapumziko akanipigia saluti mbele ya watu.

"Askari kanzu, hujambo?"

Nikajifanya nasoma. Akanipokonya kitabu. Akasema nyinyi wapelelezi mnatuvunja mbavu — mnakwenda kuvizia watu na gari la zahanati, lile jeupe, lenye maandishi ubavuni, tena kila Alhamisi baada ya shule kwa sababu ndiyo siku gari linapokuwa halina safari. "Hata mbuzi wa mtaa huu wakiliona siku ya Alhamisi wanasimama wima."

Darasa zima likacheka. Mimi uso uliniwaka. Wiki nzima nimemshuku Sajini na simu yake. Kumbe hakuna msaliti, tunajitangaza wenyewe kama gari la matangazo! Muuguzi ni mwerevu, Sajini kashika wezi maisha yake yote, na hakuna aliyefikiri kuliacha gari nyumbani. Hata mimi.

(Lakini bado simu ya Sajini siielewi.)

Domo aliponirudishia kitabu aliinama, safari hii bila mzaha. Akasema: "Na kule mnakotakiwa kwenda, hamwendi."

"Wapi?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Domo, akafunga mdomo. Akaondoka zake.

Alhamisi, 14 Machi

Leo hatukwenda madukani. Domo ameanguka darasani.

Kipindi cha jiografia. Nilisikia kiti kikiburuzika nyuma yangu, halafu kishindo, halafu kioo kikivunjika. Nilipogeuka alikuwa sakafuni, midomo rangi ya majivu, na kando yake vipande vya chupa ya juisi. Mwalimu akampigapiga mashavu. Hakuamka. Wakambeba wanne. Gari la zahanati likaja — lile lile — na Muuguzi akashuka akikimbia. Sijawahi kumwona akikimbia.

Mhudumu alifagia vipande. Mwalimu akasema labda juisi ilichacha. Chini ya dawati langu palikuwa na mfuniko. Nikaukanyaga. Sijui kwa nini niliukanyaga badala ya kuuokota mbele ya watu. Nilisubiri wote watoke.

Mfuniko ni wa bluu.

Niliunusa. Kwanza nanasi. Nyuma ya nanasi kitu kilichouma pua. Pua yangu imezoea kutafuta kitu hicho kila asubuhi, haiwezi kukosea.

Jioni Mama alirudi na habari kutoka kwa mama yake Domo. Hospitali wamesema ni pombe kali, na vidonge vya usingizi vilivyosagwa. Hajaamka bado.

Ijumaa, 15 Machi

Hajaamka.

Juisi za Mjomba zina mfuniko mweupe. Zote. Nimetafuta jikoni kwetu, kwa jirani, kwenye pipa la shule. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Huu wa bluu umetoka wapi?

Asubuhi: mnanaa.

Jumamosi, 16 Machi

Domo ameamka. Haongei. Mama yake anasema akiulizwa nani alimpa, anageukia ukutani.

Mkutano wa dharura. Kelele kuliko siku zote. Wazazi wanalaumu shule, shule inalaumu wazazi. Mtu akataja chupa ya juisi. Mjomba akasimama taratibu. Akasema amelia aliposikia, mtoto yule ni kama wake. Lakini chupa ni chupa. "Nikikuuzia kikombe, nawe ukakitilia sumu, kosa la mfinyanzi?" Watu wakatikisa vichwa kukubali. Na kweli, ina mantiki. Ningekuwa sina kile kitu mkononi, ningekubali.

Sijui nini kilinisimamisha. Miguu tu. Nikasikia sauti yangu inauliza kwa nini duka la Mjomba lina stika ya kijani na halijawahi kufanyiwa jaribio.

Nilisikia feni.

Mjomba akacheka, ile ya tumbo. "Haya jamani, mnasikia? Binti wa dada yangu anataka kunipeleka ndani. Kikulacho ki nguoni mwako!" Ukumbi mzima ukacheka, Sajini mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alinitazama kama nimemwaga kitu mezani.

Muuguzi akangoja kicheko kiishe, akasema mtoto ana hoja. Wakakubaliana Alhamisi aende mnunuzi mwingine, wa shule nyingine, kwa kuwa mimi ni ndugu.

Mfuniko sikuuonyesha. Nilikuwa nimeufumbata kwenye kiganja mpaka ukaacha alama ya duara. Kaka alikuwa amekaa mstari wa mbele, anatafuna. Hakugeuka hata mara moja. Watu wote waligeuka kuniangalia, yeye peke yake hakugeuka.

Alhamisi, 21 Machi

Duka la Mjomba limepita.

Kaka ndiye aliyekuwa kaunta. Alirudi nyumbani amenyooka mabega, akamsimulia Mama wakati wa chai. Binti kaingia, kaomba chupa ndogo, "nami nikamwambia: binti, sheria hairuhusu, nenda salama." Mama akamshika mkono juu ya meza asiuachie.

Nikamuuliza: "Ulijua ni jaribio?"

Akacheka. "Gari lilikuwa mlangoni, mdogo wangu. Ningeligonga kwa tumbo."

Nami nikacheka. Ilikuwa kama zamani, kabla ya yote. Halafu nikaona dole gumba lake la kulia, ukucha mweusi kama zabibu kavu. Nikamuuliza umefanyaje.

"Kreti liliniangukia. Lile la bluu."

Akatoa pipi mfukoni, akaitia mdomoni.

Makreti ya Mjomba ni mekundu. Nimeyaona tangu utotoni, nimeyakalia, nimeyapanda nifikie rafu. Ni mekundu yote.

Mama alikuwa bado amemshika mkono.

Jumamosi, 23 Machi

Maktaba ya mtaa ina dirisha moja la nyuma, karibu na rafu ya kamusi ambako hapaji mtu. Dirisha hilo linatazama uchochoro, na ng'ambo ya uchochoro ni kidirisha cha Mjomba. Nimekaa hapo tangu asubuhi. Mkutubi alidhani naandaa mtihani, akaniletea kiti chenye mto. Nikaona haya kumdanganya, ingawa sikusema kitu.

Kidirisha kina ubao unaoinuliwa kiasi cha chupa kupita. Aliye ndani haonekani, wala yeye haoni ila mikono.

Watoto wanakuja na chupa tupu. Wenye mfuniko mweupe wanapiga soga, wanagongagonga ubao, wanaitisha ya baridi. Wanapewa nyeupe.

Halafu wako wengine. Wanakuja mmoja mmoja, wakubwa wa darasa langu na kuendelea, hata wadogo wawili watatu. Hawasemi neno. Wanaingiza chupa yenye mfuniko wa bluu na pesa. Inatoka yenye mfuniko wa bluu. Wanaitia begini, wanakwenda zao.

Ndiyo hivyo tu. Ukirudisha bluu, unapewa bluu. Aliye nayo moja anaweza kupata ya pili, na asiye nayo hapati, hata aombe vipi. Kwa hiyo ya kwanza lazima upewe na rafiki. Ni akili sana. Na sisi wenyewe ndio tuliobandika bango. Sisi tuliowaambia: rudisheni chupa, msitupe. Mtoto mwenye chupa ya Mjomba mkononi, nani atamsimamisha? Tungempongeza!

Najiambia ndani ni Mjomba. Mjomba ana msaidizi wa kuosha chupa pia, mzee asiyesikia vizuri. Anaweza kuwa huyo. Wako watu watatu mle ndani. Nimelirudia hilo mara nyingi leo.

Jumatatu, 25 Machi

Nimekwenda.

Nilichukua chupa tupu ya jikoni kwetu, nikatoa mfuniko mweupe, nikafunga ule wa bluu. Ulikubali bila tabu. Nikachukua pesa ya juisi niliyopewa na Mama. Baada ya shule nikazunguka uchochoro wakati hakuna mtu. Sikuhitaji kusema chochote, na kwangu mimi hiyo ilikuwa nafuu. Nikaingiza chupa. Nikaweka pesa.

Chupa ikavutwa ndani. Halafu mkono ukatokea, kidole gumba kikagonga ubao mara mbili, polepole. Ongeza.

Ukucha mweusi.

Nikaongeza. Nilikuwa na ya daftari mfukoni, nikaiweka yote. Mkono ukakusanya, ukarudi na chupa iliyojaa, ukaisukuma kwangu kwa upole kama mtu anayempa mgonjwa uji. Nilisikia harufu ikitoka ndani, kupitia ule ufa. Mnanaa.

Sikumwita. Nilifungua mdomo kama Domo, nikaufunga kama Domo.

Chupa iko chini ya kitanda changu, ndani ya soksi ya kuchezea mpira. Sijaifungua. Kanuni ya mnunuzi: usifungue, usibishane, toka nayo, mkabidhi Muuguzi. Hiyo ni kanuni ya Alhamisi na ya maduka ya watu wengine. Nani ameandika kanuni ya kaka yako?

Jumanne, 26 Machi

Lazima niandike yote, nisije kesho nikajidanganya.

Asubuhi niliingia kama kawaida. Nikainama. Nikabana pumzi. Akatoa yake — mnanaa.

"Umemaliza, mkaguzi?"

Nusura nimwangukie. Alikuwa amefumba macho bado.

Akasema anajua tangu siku za mwanzo. Kila siku anaamka kabla yangu, anasikia mlango, analala kimya mpaka nimalize, ndipo anajifanya kuamka. Nikamuuliza kwa nini hakunifukuza. Akafikiri. Akasema kuna siku anarudi kutoka kazini, anapita penye baa, miguu inakata kona yenyewe. "Halafu nakumbuka kesho utakuja na hiyo pua. Nanyoosha njia."

Ningelia, lakini nilikuwa nimekuja na chupa. Niliitoa ndani ya soksi, nikaiweka juu ya shuka, karibu na mkono wake. Aliitazama, rangi ikamtoka usoni. Akajivuta mpaka mgongo ukagusa ukuta, kama nimemwekea nyoka.

"Umeitoa wapi?"

"Kwako. Jana. Uligonga mara mbili."

Nilisikia Mama jikoni akisuuza vikombe. Halafu Kaka akaanza kusema haraka, kwa sauti ya chini. Kreti la bluu linakuja limejaa, analileta Mjomba mwenyewe kutoka chumba cha nyuma. Hakuna aliyemwambia kuna nini ndani. Hakuuliza. Siku moja alitaka kuuliza, Mjomba akamwekea mkono begani akamwambia, mwanangu, uliokotwa jalalani, aliyeokotwa haulizi chakula kimepikwa na nani.

Nikasema: "Lakini ulijua."

Akasema hajawahi kufungua hata moja. Hajawahi kuinusa. Hajiamini. Akifungua, akainusa, hajui kama ataweza kuifunga tena. Kwa hiyo anatafuna mnanaa, mmoja juu ya mwingine, asubuhi mpaka jioni, ili pale kidirishani asisikie harufu ya kitu chochote.

Siku zote hizi nilidhani mnanaa ni wa kuziba mdomo. Kumbe ni wa kuziba pua.

Nikamwambia kuhusu Domo, ingawa anajua, mji mzima unajua. Nikamwambia ule mfuniko niliomrudishia jana ulikuwa wa Domo. Akafunika uso na shuka. Kutoka ndani ya shuka akasema: "Nitamwambia Muuguzi mwenyewe. Kwa mdomo wangu. Nipe mpaka Alhamisi."

Nikasema sawa.

Sasa ni jioni na najiuliza kwa nini Alhamisi. Ukweli unahitaji siku mbili za nini? Kuhamisha makreti, hizo zinatosha.

Jumatano, 27 Machi

Nimekaa tena nyuma ya rafu ya kamusi.

Gari la mizigo la Mjomba limeegeshwa uchochoroni. Kaka anabeba makreti kutoka ndani, anayapanga nyuma ya gari. Yamefunikwa turubai. Rangi siioni. Mjomba amesimama mlangoni, mikono nyuma, anaongea na kucheka. Wakati mmoja Kaka naye akacheka. Nimemwona akicheka.

Mkutubi akaniuliza mtihani unaendeleaje. Nikamwambia vibaya.

Alhamisi, 28 Machi

Naandikia kwenye benchi la zahanati. Mlango wa Muuguzi umefungwa. Ndani yumo Kaka, yumo Mjomba, yumo Sajini, na Mama ameingia sasa hivi, kanga ameifunga vibaya, hakuniangalia. Nasikia sauti ya Mjomba ikipanda na kushuka. Ya Kaka siisikii. Labda ameshasema. Labda hajasema lolote. Niandike tu ilivyokuwa.

Asubuhi kitanda cha Kaka kilikuwa kitupu, kimetandikwa. Aliondoka kabla sijaamka. Ni asubuhi ya kwanza tangu nianze ambayo sikumnusa. Nilikwenda shuleni na chupa begini, katikati ya kamusi na daftari la hesabu, na kila aliyenisukuma kwenye korido nilimwona adui.

Baada ya shule gari jeupe likaja. Nilichungulia kila kiti kabla ya kupanda, kama Kaka amekwisha kuja kwa Muuguzi. Hakuwemo. Nilimsoma Muuguzi usoni kama ana habari. Alikuwa anamenya chungwa. Akaniuliza, kama kawaida, leo tuanzie wapi.

Siku zote nilipewa maneno. Leo sikupewa. Nikasema: "Tuanzie uchochoro wa nyuma ya maktaba. Na tuliache gari hapa."

Sajini akasema ana goti bovu. Akaangalia simu yake. Nikamuuliza — mimi, nikamuuliza mtu mzima! — Shikamoo Sajini, hiyo simu unamwandikia nani? Akashangaa, akanionyesha. Mjukuu wake. Picha za mjukuu wake anatambaa. Niliona haya hadi miguuni, lakini Muuguzi alikuwa ameshafunga mlango wa gari na ameacha chungwa. Alinitazama vizuri, hakuuliza kitu, akaanza kutembea. Tukamfuata.

Gari la mizigo halikuwepo. Kidirisha kilikuwa kimefungwa, ubao chini. Kaka alikuwa amekaa nje, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti. Amekalia kreti. La bluu, limejaa.

Ndani Mjomba alikuwa anaita. "We! Lete hilo moja lililobaki, gari linarudi sasa hivi!" Kaka hakuitika. Alimwamkia Muuguzi, "Shikamoo," na Muuguzi akasema marahaba kama watu waliokutana sokoni. Kaka hakuinuka. Sijui kama alikuwa amelikalia ili lisiondoke, au alikuwa anapumzika akilihamisha nasi tukamkuta. Nilimtazama sana nijue, na sikujua. Watu wanadhani ukikaa na mtu nyumba moja unamjua.

Akaniona. "Umechelewa leo, mkaguzi."

Nilimwendea. Mbele ya Muuguzi, mbele ya Sajini na goti lake, mbele ya Mjomba ambaye sasa alikuwa amefungua mlango na ameganda hapo na kitambaa mkononi. Nikainama, nikabana pumzi, nikamnusa mdomo. Alitulia nimnuse, kama anavyotulia kitandani.

Hapakuwa na mnanaa. Chai ya asubuhi tu.

Nikamnusa tena, kuhakikisha. Kisha nikanyooka, nikafungua begi, nikaitoa chupa ikiwa imefungwa vile vile, nikamkabidhi Muuguzi.